Friji Linalotekenya

S.L.P. 63,
Lindi.
20 Agosti, 1974.

Mpendwa kaka Yahya,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima huko Tanga, wewe na wifi yangu Mastura pamoja na watoto. Kile kikohozi cha vumbi la bandarini kimepungua? Wifi aliniandikia kwamba maji ya tangawizi unayanywa kwa kulazimishwa. Basi uzidi kulazimishwa, maana tangu utotoni sikumbuki umewahi kunywa dawa kwa hiari yako.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama hajambo, isipokuwa miguu inamvimba akisimama sana. Mikorosho imeanza kuchanua na mihogo ya kutosha ipo. Mimi niko palepale na cherehani yangu, na sketi za shule ndizo zinazoniweka mjini.

Barua yako tuliipata wiki iliyopita, nikamsomea Mama. Unauliza kwa nini friji halijawashwa tena mpaka leo na Ramadhani inabisha hodi, wakati wewe ulilinunua ili Mama asiuze sharubati ya vuguvugu uzeeni. Swali lako ni la haki. Nitakujibu polepole, nawe tafadhali usikasirike kabla hujafika mwisho, kwa sababu nakujua.

Kile chumba cha mbele katika nyumba ya Mzee Likwata unakikumbuka. Sasa tunakipanga watu watatu. Mama ana sharubati na barafu zake upande wa dirishani, mimi nina cherehani na pasi ya umeme katikati, na Nassibu, fundi redio, amejibanza pembeni na mifupa ya redio za watu. Tunaelewana vizuri. Siku hizi kila mkutano tunahimizwa kufanya kazi kwa pamoja, nasi tulijiona tumetangulia mbele ya mkutano.

Friji lako lilipoteremshwa melini lilikuwa na plagi ya miguu mitatu, na ukuta wa Mzee Likwata una matundu mawili tu. Nassibu akaikata ile plagi, akafunga nyingine ya miguu miwili. Waya wa tatu ukabaki hauna pa kwenda, akaukunja akauficha kwa nyuma. Friji likanguruma. Tulimshukuru, Mama akampa glasi ya sharubati ya ukwaju, na tangu hapo kila aliyemsifu Mama kwa friji alijibiwa kwamba ni letu sote. Nassibu akaweka samaki wake humo, mimi nikaweka maji yangu, hata Mzee Likwata akawa analeta maziwa yake.

Baada ya muda likaanza kutekenya. Hilo ndilo neno tulilolitumia, na naomba ulisome mara mbili kaka, kwa sababu mambo yote yametoka humo. Ukishika kishikio chake unasikia kama kidudu kinakutembea mkononi. Mama alicheka, akasema friji la Tanga lina utani. Nassibu naye akasema kwamba hata redio hufanya hivyo. Wateja wakawa wanajaribu kwa kidole na kucheka. Kitu kinachotekenya hakiogopwi, tena hakuna anayemwita fundi kwa ajili ya kutekenywa.

Sababu ya sisi kutekenywa tu bila kuumia tuliijua baadaye. Mama anavaa kandambili kwa ajili ya miguu yake, Nassibu hatoki ndani ya katambuga zake za tairi, na mimi huinuka na viatu vyangu. Wateja ndio wanaovua viatu mlangoni kwa sababu Mama ametandika mkeka, na wateja hawafungui friji, hupewa.

Sasa Shangazi Kadija si mteja. Siku ile alikuja kututembelea, adhuhuri ikamkuta kwetu. Mama alikuwa ameshaingia chumba cha nyuma kuswali. Shangazi akatawadha uani, akapita chumba cha mbele kuchukua maji kabla hajasimama kuswali. Viatu vyake alikuwa ameviacha mlangoni kama alivyolelewa, na miguu ilikuwa bado inachuruzika maji ya udhu. Akashika kishikio.

Kaka, sitaki kukuandikia kila nilichokiona. Friji lilimshika. Hakuweza kupiga kelele wala kuachia. Nassibu akaruka akachomoa plagi, Shangazi akaanguka chali, na mimi nilidhani tumemzika. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama udhu wake umetenguka. Nililia kwa hilo kuliko kwa kuanguka kwake.

Hospitali walimweka siku kadhaa. Moyo wake uko salama, alhamdulillahi. Lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havina hisia, na kiganja kina kovu. Unajua yule ni mtu wa kusuka ukili. Mkeka aliokuwa ameuahidi msikiti kwa ajili ya tarawehe umeishia nusu, umekunjwa juu ya kabati, na nyumbani kwake hakuna anayeutaja.

Baada ya hapo balozi wetu wa nyumba kumi, Bwana Mfaume, akatuita kikao mle mle chumbani. Akauliza jambo moja tu, friji hili ni la nani. Laiti ungekuwepo usikie. Nassibu akasema yeye ni fundi wa redio, plagi aliifunga kwa msaada, na Bi Siti mwenyewe, yaani Mama, ndiye aliyesema ni letu sote. Mzee Likwata akasema ukuta ni wake, kinachochomekwa ukutani si chake. Mimi nami, ulimi huu, nikasema ni la kaka yangu, yuko Tanga. Husemwa kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Siku ile wewe hukuwepo na yote yakawa yako.

Balozi akafikiri, kisha akasema kwamba katika nyumba hii aliyeumia ni yule mwenye adabu ya kuvua viatu.

Mama ndiye aliyesema baada yake. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema. "Mlipokuwa mnakunywa maji baridi lilikuwa letu sote. Leo limeuma, limekuwa la mtoto aliye mbali. Mimi ndiye ninayelifungua kila siku. Nilisikia linauma nikaliita linatekenya. Basi anzeni na mimi."

Hapo Nassibu akainama, akasema ule waya wa tatu alijua una kazi, ila hakujua kazi gani, na aliona haya kuuliza. Nilimheshimu kwa hilo. Mzee Likwata hakulainika upesi, unamjua. Alibisha mpaka adhana ya alasiri, akisema nyumba yake ilikuwa na amani kabla ya mambo ya umeme. Mwishowe balozi akamwuliza kama kodi ya chumba anaipokea kwa ajili ya kuta au kwa ajili ya watu wanaokaa ndani ya kuta. Akauliza fundi wa umeme anapatikana wapi, na kwa Mzee Likwata kuuliza hivyo ni kukubali.

Tukamleta fundi wa umeme, kijana mmoja mpole wa Kitomanga anayeitwa Yunusu. Alipima kuta, akapima friji, akapima na vyote tulivyokuwa navyo. Chini ya friji, karibu na mota, waya ulikuwa umechunika na kugusa bati, kwa hiyo bodi zima lilikuwa na umeme. Alisema ule waya tulioukunja ndio ungeupeleka umeme ardhini badala ya kuupeleka kwa mtu. Pasi yangu niliyoiona malaika aliikataa pia, kwa sababu waya wake nilikuwa nimeufunga kwa kipande cha kitambaa cha marekani. Nilijitetea bure.

Tumekubaliana hivi. Kuta na soketi na waya wa ardhini ni juu ya mwenye nyumba, naye ameshaleta soketi za matundu matatu, kwa manung'uniko yake ya kawaida. Chombo ni juu ya mwenye chombo, akipimishe kabla hakijachomekwa, na kila mwaka Shaaban, kabla ya mfungo, maana Ramadhani ndipo friji halipumziki. Na yeyote anayekitumia akisikia kina hitilafu, hata ndogo, achomoe na aseme. Neno kutekenya tumelipiga marufuku mle ndani. Mtu akilitaja hata kwa utani Mama anamtoa nje.

Kwa hiyo friji limeshatengenezwa, kaka. Yunusu amelipima mara ya pili na kulipitisha. Halina ubaya wowote sasa. Lakini halijawashwa, na hapa ndipo ninapokuomba utulie.

Katika barua yako umelitaja friji karibu kila aya. Umeuliza kama limepata kutu, kama mlango unafunga vizuri, kama watu wanaliegemea. Kuhusu Shangazi, ambaye nilikuandikia kwa ufupi kwamba ameumia, umeandika maneno matatu, kwamba ajali haina kinga. Methali ni ya kweli na sina ugomvi na waliotutangulia. Ila hii ilikuwa na kinga. Nassibu aliikunja akaificha kwa nyuma, na wewe ulilinunua kwa watu wanaohama bila kumwita fundi alitazame, na sisi tukacheka. Ndiyo maana sipendi kusema ilikuwa kadari tu, halafu tukajikung'uta mikono. Kadari ya Mungu sikatai. Naona haya tu kumsingizia Mungu kazi tuliyoiacha sisi.

Najua hukukusudia. Najua ulikaa bila viatu vipya ili Mama apate friji, na hakuna siku ninayosahau. Lakini aliyetoa zawadi naye ana sehemu yake, hasa inapomdhuru mtu aliyekubeba mgongoni wakati Mama anaumwa.

Shangazi hajalalamika hata mara moja. Anakuja kila siku, anakaa upande wa cherehani yangu, anafundisha mkono wa kushoto kusuka. Mama akimtazama, mkono wake unarudi kutoka kwenye swichi. Amesema hataliwasha mpaka moyo wa Shangazi uwe mweupe, hata kama Ramadhani nzima watu watafuturu kwa sharubati ya vuguvugu. Nimembembeleza, balozi amembembeleza, imeshindikana.

Mambo mengine ni mazuri. Wifi mwambie kitambaa cha watoto nimekipata, anitumie vipimo vyao vya sasa na siyo vya mwaka jana.

Mama anakusalimu sana na anakuombea kila baada ya swala. Nassibu anakusalimu, Balozi Mfaume anakusalimu, hata Mzee Likwata amesema nikusalimu, kisha akauliza lini utalipeleka friji kwingine. Nilimwuliza Shangazi Kadija kama nikuandikie na salamu zake. Aliendelea kusuka kwa ule mkono wa kushoto. Kisha akasema, "Mwandikie zangu zipo, mwanangu. Lakini marahaba haitangulii shikamoo."

Mungu akulinde wewe na wako wote, na atufikishe Ramadhani hali nyoyo zetu zimepatana.

Ni mimi dadako nikupendaye, hata ninapokusema,

Adija.