Mjomba na Daraja Fupi

Jirani wangu wa kitanda cha juu bwenini, kwa majonzi makubwa nakutaarifu kwamba mjomba wangu mbunge amejimaliza redioni. Na uchaguzi ni wiki ijayo!

Amezoea mahojiano ya chapchap. Akiulizwa kuhusu daraja anajibu, "Liko kwenye mchakato," muziki unapigwa, anaenda zake.

Leo mtangazaji kampa saa nzima. Hakuna muziki! Mjomba kasema "mchakato" mpaka neno likamkauka mdomoni. Yule mama mtangazaji katulia tuli.

"Mheshimiwa, mchakato ndio nini?"

Mjomba kakohoa.

"Sina haraka, baba."

Sisi sebuleni kwake tunatazamana. Mkewe kajifunika gazeti usoni.

Mara mjomba kashusha pumzi: "Mama, mto tuliupima wakati wa kiangazi. Daraja ni fupi."

Fupi! Daraja, ndugu yangu! Limeishia katikati ya maji!

Simu zikafunguliwa. Mkewe akaanza kusali. Mzee wa kwanza kupiga akasema:

"Mheshimiwa, miaka yote nilidhani daraja umelila. Kumbe ni ujinga tu! Kura yangu chukua, ila futikamba ya kupimia mto tutashika wenyewe."