Punda Wangu Ana Kichwa

Malindi, Unguja
Idi imekwisha juzi

Mama yangu,

Shikamoo. Naanza na mguu wako: uvimbe umepungua? Na yule kuku mweupe bado anataga chini ya kitanda changu, au mmeshamla? Mimi mzima, nakula na nalala vizuri. Hayo nimeyatanguliza ili ukifika kwenye habari yenyewe usidhani ninaumwa.

Barua yako ya kuniusia nivumilie kwa kampuni nimeipata. Imechelewa, mama. Kazi nimeiacha, na sirudi.

Unajua kampuni ilinichukua niitengenezee pembea ya kuzunguka, ile wanayoiweka Mnazi Mmoja watoto wapande sikukuu. Walitaka viti. Mimi nikawachongea wanyama: punda, jogoo, kasa, na mbuzi mwenye sikio moja kama yule wetu. Macho sikuwatia. Nilikumbuka maneno yako juu ya kuchonga viumbe, nikaona wasipokuwa na macho roho yangu itatulia.

Basi watoto wa mji huu, Mungu awaweke, walipowaona hawana macho wakasema wamelala. Ikawa hapandi mtoto mpaka ampige mnyama wake shingoni amwambie, "Amka, twende!" Na akishuka humbembeleza alale tena. Mimi sikuwafundisha. Nilisimama pale na nyundo yangu nikicheka peke yangu. Sijapata kuipenda kazi namna ile.

Meneja, bwana mmoja aliyeletwa kutoka Mombasa, hakucheka. Kwake yeye kila "amka" ni mzunguko uliopotea. Idi ilipokaribia akaniita. "Fundi, kata vichwa. Piga mbao bapa, watoto wakae kwa kubanana. Sisi tunauza mizunguko, hatuuzi punda."

Nikamwambia, "Bwana, kuzunguka mtoto anaweza kuzunguka uani kwao mpaka aanguke. Hapa amekuja kumwamsha punda."

"Umeajiriwa kuchonga," akasema, "hukuajiriwa kufikiri."

Damu ikanipanda. Nikamwekea msumeno mezani, juu ya karatasi zake, nikamwambia akate mwenyewe. Nikatoka. Alikata kweli, lakini kwa mkono wa fundi mwingine. Jioni nikapita, nikakuta vichwa vimetupwa nyuma ya banda, na mlinzi akaniambia, "Meneja kasema kuni hizo, achukue anayetaka." Nikavichukua vyote. Njiani nililia, sikufichi.

Chumbani ninakaa na Makame, hamali wa bandarini, mtu wa Chwaka. Alivitazama vichwa, akalitazama gari lake la kukokotea mizigo, akasema, "Sasa walia nini weye? Vichwa unavyo, gari mie nnalo. Nipe misumari!"

Siku ya Idi tukaingia uwanjani na gari linalonuka karafuu, punda mbele, jogoo na kasa ubavuni, mbuzi nyuma. Halina kasi gari lile, linakwenda mwendo wa bibi harusi. Watoto wakatuona. "Punda yule! Punda yule!" Wakatoka kwenye foleni ya kampuni na nguo zao mpya, wakaja mbio kuwapiga wanyama shingoni. Makame alikokota mpaka kanzu yake ya Idi ikamganda mgongoni. Pembea ya kampuni ilizunguka upesi, gramafoni inapiga kelele, na nusu ya mbao zilikuwa tupu.

Siku ya pili meneja akanifuata mwenyewe. Kwanza alidai vichwa ni mali ya kampuni. Makame akanitangulia kujibu, "Kuni hizo, bwana. Si umesema mwenyewe?" Yule mlinzi, aliyekuja nyuma yake, akageuza uso kuficha kicheko. Hapo meneja akalainika. Nirudi kazini, akasema, nivipachike tena vichwa kwenye pembea, ila watoto wakatazwe kuwaamsha wanyama, muda usipotee.

Mama, hapo nilikukumbuka wewe, na mguu wako, na paa letu linalovuja. Kabla sijafungua kinywa, mtoto mmoja wa kike akatusukuma sote apite, akampiga punda shingoni.

"Amka, twende!"

"Samahani, bwana," nikamwambia meneja. "Punda kaamka." Nikashika gari, tukaondoka.

Sasa nachonga milango kwa fundi mmoja mtaani, na sikukuu nitakuwa na gari letu. Paa litangoja kidogo, lakini nitaliezeka, nakuahidi. Nisalimie shangazi muuza vitumbua, na dada na wanawe. Shemeji aliyenitafutia kazi ya kampuni mwambie namshukuru sana, na simwombi radhi.

Idi ijayo uje. Kiti cha mbuzi nimekuwekea wewe. Mpige shingoni tu, anakujua.

Ni mimi mwanao,
Saidi, fundi wa punda