Wajumbe wa Darasa la Kwanza

Jang'ombe, Unguja
Juni, 1956

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua mdogo wangu Gharib ndiye atakayekusomea. Mwambie asirukie habari, aanze na salamu. Kifua chako kimetulia baada ya masika? Na mguu wa mama umepoa? Mie na shangazi wazima, alhamdulillahi, na muhogo mliotuletea tumeshaumaliza.

Darasa langu la kwanza linaniridhisha. Mwezi uliopita, lakini, watoto walikuwa wakichelewa karibu kila asubuhi, nami nikiwagombeza. Siku moja Wanu, binti mdogo wa fundi cherehani jirani yetu, akaniambia kwa upole kuwa kisima cha mtaa kimefungwa, na wanatumwa maji kwenye mfereji wa bomba, mbali, kabla ya kuja skuli. Kimo uani kwa mwenyewe, Bi Mwanamwema, naye alikitia kufuli bila ya kumwambia mtu sababu. Watu wazima walinung'unika vibarazani, lakini hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Nikaona hilo ni somo. Nikawafundisha kwamba jambo likiwasumbua wote, wakae pamoja, wasikilizane, wachague wa kuwasemea, kisha waende kwa mwenyewe kwa adabu. Na wakifika, wasiseme tu. Wamsikilize na yeye. Wakamchagua Wanu. Alhamisi tukaenda, nami nikasimama nyuma. Baadhi ya wazazi walishanionya kwamba nawafunza watoto ujeuri.

Wanu akapiga hodi, akaamkia, akaomba kisima kifunguliwe. Kisha akauliza kwa nini kilifungwa. Bi Mwanamwema akamtazama sana. Akasema watu wanamkanyagia mboga, wanamwachia matope mlangoni, na "tangu mume wangu afe, wanapita na ndoo zao kama humu ndani hamna mtu." Watoto wakanong'onezana. Wanu akajibu kuwa watafagia kwa zamu, na kila anayekuja atabisha hodi, mama zao pia. Kesho yake kufuli likaondoka. Siku hizi yule bibi analalamika kuwa wageni wanamchosha, na huku anawapikia maandazi.

Sasa, Baba, lililonifanya nishike kalamu. Watoto wamesikia kwamba umeniombea nafasi skuli ya huko nyumbani Kizimkazi, na mwakani nitahama. Jumatatu walinijia wote, msemaji wameshamchagua, wakaniomba nibaki. Ilinipasa niwakatalie. Sikuweza, kwa sababu hata mie nataka kubaki, na nimekuficha hilo tangu Idi nilipokuja nyumbani. Nikawaambia ruhusa ni ya baba yangu. Wanu akauliza kama kuna gari la kwenda Kizimkazi.

Lipo, Baba. Wanakuja Jumamosi, na Bi Mwanamwema ndiye anayewaleta. Sikuwatuma wala sikuwazuia. Wasikilize tu. Nami nitakuwa nyuma yao, na utakalosema ndilo nitakalolifuata.

Mpe mama mkono wangu, na Gharib mwambie ahsante kwa kusoma.

Mwanao anayekutii,
Kazija