Alamsiki Inayojiitikia

Chumbageni, Tanga
Jumamosi, baada ya Alasiri

Mkaza mwanangu Saumu,

Shikamoo yako imenifikia, nami nasema marahaba, tena marahaba, mwanangu. U hali gani? Lile jino limetulia? Na Mwanaisha je, bado anakula udongo wa ukutani? Mpe ndizi mbivu, na umchape kidogo vidoleni, si sana. Mimi mzima, ila miguu huvimba nikikaa sana jikoni, na moshi wa vitumbua umenifanya macho mekundu mpaka watoto wa hapa wanasema mimi mchawi. Nacheka nao. Chumba hakivuji, chakula napata. Usinihofie.

Naandika mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu tulizofundishwa chuoni, maana haya sikutaka mtu aniandikie. Mwandiko wangu unaujua, kama kuku kapita kwenye unga. Soma polepole, na usome ukiwa peke yako. Ukiona mahali nimefutafuta, ujue palinishinda.

Uliniuliza jambo, nami nimechelewa kukujibu. Ulisema mjomba wako anataka uende kwa kadhi ukavunjiwe ndoa yako na Athumani, kwa kuwa Bwana Shee, fundi cherehani, amekuja kukuposa, na wewe hutaki kufanya lolote mpaka mimi mama yake Athumani niseme. Ukaandika, "Mama, nimngoje au nisimngoje?" Barua yako nimeilalia chini ya mto hata imekunjika. Si kwamba sikukujali. Nilikuwa namsikia Athumani, mwanangu. Nilikuwa namsikia karibu kila siku, sasa ningekwambiaje usimngoje?

Nisikilize nikueleze.

Unajua mimi huku Tanga nilikuja kumfuata yeye. Salamu yake ya mwisho ilitoka huku, kwamba yuko kwenye mashamba ya mkonge, na wewe wakati ule una mimba ya Mwanaisha. Nilipofika sikumkuta. Nikauliza makambini, nikauliza bandarini, nikaenda hata Tongoni kwenye makaburi ya kale, nikafukiza ubani na kuweka nadhiri. Wapi! Nikapanga chumba hapa Chumbageni, nikaanza kukaanga vitumbua, nikijiambia siku moja atapita tu, mtu hapitilizi harufu ya vitumbua vya mama yake.

Basi jirani yetu Gulamali, mwenye duka, akanunua redio. Zamani walisema redio ya Dar es Salaam haifiki mbali, ukiifungua huku husikii kitu ila mvumo kama mafuta yanayochemka. Halafu serikali ikaongeza mitambo, sauti ikapata nguvu. Sasa wanasema mtu akikohoa Dar es Salaam, kikohozi chake kinasikika Bukoba na Kigoma na Lindi kwa wakati mmoja. Gulamali kasimamisha mti mrefu nyuma ya nyumba, kavuta waya mpaka dirishani, na kila jioni baraza lake linajaa wanaume. Sisi wanawake tunakaa uani kwa mkewe, Sakina, mlango wa kati ukiwa wazi.

Siku ya kwanza nilikwenda kutazama maajabu tu. Yakasomwa ya serikali, bei ya pamba, mvua imenyesha wapi. Msomaji ana sauti nzito, nzuri, lakini mimi siijui. Mwisho akasema, "Hapa ndipo tunapoishia kwa leo. Alamsiki." Akanyamaza kidogo. Halafu, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyegeuzia uso ukutani, akajiitikia mwenyewe: "Binuru."

Barazani wakaangua kicheko.

"Huyu bwana kapungukiwa! Anaaga na kujiitikia!"

"Sasa aitikiwe na nani, na hilo sanduku?" Gulamali akamtetea.

"Si atuachie sisi tumwitikie?"

"Wewe? Mkeo yuko jikoni na hakusikii, atakusikia mtu wa Dar es Salaam?"

Mimi sikucheka.

Saumu, Athumani alipokuwa mdogo, baba yake amekwisha kufa, alikuwa akilala peke yake chumba cha mbele, na mimi niko uani na unga wangu. Alikuwa akisema, "Alamsiki, Mama," na mimi mikono imejaa, nachelewa kumwitikia. Basi hunyamaza kidogo, halafu hujiitikia mwenyewe kwa sauti nyembamba, ananiiga mimi: "Binuru." Kisha ndipo hulala. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinigombeza: "Mwitikie mwanao! Mtoto akizoea kujiitikia gizani, iko siku wataitika wengine." Na wewe mwenyewe, siku zile mmeoana karibuni, hukuniambia, "Mama, mume wangu huzungumza peke yake akitaka kulala"? Tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Basi toka siku ile nikawa nakwenda kila jioni. Sauti si yake, nalijua hilo. Ya Athumani ilikuwa nyepesi. Lakini nikajiambia, sauti ya mtu hukomaa, na hicho chombo nani ajuaye kinazifanya nini sauti za watu. Siku nyingine nikaingiwa na hofu kubwa zaidi. Nikasema, hili si sanduku, hili ni kaburi limefungwa waya. Tangu lini sauti ikatembea bila mtu? Hata hivyo nilikwenda. Nikawa naitikia, polepole, nimeziba mdomo kwa kanga: "Binuru, mwanangu." Lakini yeye amekwisha kujiitikia. Ananiwahi kila siku, vile vile kama alivyokuwa akiniwahi utotoni.

Sakina akaniona. "Mama Athumani, unasema na nani?"

"Nasoma dua."

Kesho yake nikakuta kaniwekea kigoda karibu na mlango.

Na wewe nilikuwa nikikuwaza. Uliandika kwamba huko Kivinje nako duka la sokoni limewekwa redio. Nikasema, basi sauti hii hii, saa hii hii, inaingia masikioni mwa Saumu, na huenda naye kasimama hapo, kikapu kichwani, hana wa kumwambia.

Juzi juzi watu wa redio wakaja Tanga na gari lenye mashine ya kunasia sauti, kuchukua nyimbo za vyama vya tarabu na salamu za watu. Walisimama kiwanjani, Mabawa. Mji mzima ukamiminika. Nami nikabeba sinia la vitumbua nipate sababu ya kuwa pale. Niko nyuma ya watu, sioni kitu, nikaisikia sauti ile ile, haina waya, haina mvumo: "Jamani, msisukumane." Weee! Nikasukuma mimi. Nikasukuma watu wazima na heshima zao, nasema nipisheni, nipisheni, mwanangu yule.

Nikafika mbele. Hakuwa yeye.

Mtu mfupi, ana miwani, kanzu imempwaya. Mwanamke mmoja wa Kidigo pembeni yangu akasema, "Sauti yote ile imetoka kwenye kifua hicho? Na mimi jioni zote najifukiza udi kwa ajili ya huyu!" Watu wakacheka, na mwenyewe akacheka.

Nikamnyoshea sinia. Akachukua kitumbua, akauma, akasema ahsante, mama. Na mimi, sijui ulimi uliongozwa na nani, jua la asubuhi linawaka, nikamwambia, "Alamsiki."

Basi watu wakavunjika mbavu. "Bibi anaaga asubuhi! Kalewa moshi!"

Nikanyamaza kidogo. Halafu nikasema kwa ile sauti nyembamba ya Athumani: "Binuru."

Yule bwana akaacha kutafuna.

Akanishika mkono, akanipeleka nyuma ya gari penye kivuli. Jina lake Rajabu, mtu wa Ujiji. "Mama," akaniuliza, "wewe wa Kilwa?"

"Wa Kilwa. Wa Kivinje."

Akavua miwani. "Kivinje," akasema. "Na mimi nilimtuma mjumbe Kisiwani."

Nikajua hapo hapo, Saumu. Yaliyobaki ameyasema na mimi nimekwisha kujua.

Athumani alitoka Tanga akaenda Dar es Salaam, aliposikia wanatafutwa vibarua wa kusimamisha milingoti mikubwa ya redio. Rajabu alikuwa karani mdogo pale, wakapanga chumba kimoja. Anasema taa ikizimwa Athumani husema alamsiki, na kabla mwenziwe hajafungua kinywa, hujiitikia. Rajabu akimtania, "Bwana we, mimi nipo, si unipe nafasi?" Naye humjibu, "Hii si yako, ya mama yangu. Milingoti hii ikisimama, sauti ya hapa itafika kwetu. Nitawaomba waniache niseme mara moja tu." Hakutuletea habari kwa kuwa alitaka kwanza awe na cha kutuonyesha. Homa ikamkuta milingoti bado iko chini. Haikumweka sana. Rajabu alimuuguza; alipokufa, yeye na wenziwe wakamkosha, wakamzika kwa heshima, wakamsomea.

"Alisema Kilwa tu," Rajabu akaniambia. "Nilipotaka kuleta habari wakaniuliza Kilwa ipi. Mimi mtu wa bara, nikasema ile ya Kisiwani. Mjumbe akarudi, akasema huko hakuna Athumani wala mama yake."

Unaona mambo yetu! Sisi watu wa Kivinje tukisema Kilwa tumemaliza, tunadhani dunia nzima inajua ni Kivinje.

Nikamuuliza, "Na redio unayo mdomoni, mbona hukutangaza?"

"Jina lako sikulijua, mama. Yeye alikuita Mama. Na hata ningelijua, ukasikie kifo cha mwanao dukani, kati ya watu wanaokula karanga? Nilipochaguliwa kusoma habari nikasema, nitamsemea alamsiki yake kama alivyoisema. Ana mtu wake mahali, na sauti sasa inafika kila mahali. Wakubwa wangu wamenikemea, nikawa naisema chini chini."

Nikakaa mchangani. Sikulia pale, nilikuja kulia nyumbani.

Sasa jibu lako, mwanangu. Usiende kwa kadhi. Hakuna ndoa ya kuvunjwa. Wewe ni mjane. Nilimwendea mwalimu wa msikiti wa hapa kuuliza habari ya eda yako, nikidhani utaingia ndani sasa. Akaniambia eda huhesabiwa tangu siku aliyokufa mume, si siku mke alipopata habari. Yako imekwisha zamani. Umeikaa na kuimaliza bila kujua, umejipaka wanja, unachungulia njia. Hapo ndipo niliposhindwa, ndiyo maana unaona pamefutika.

Bwana Shee namjua, mtu taratibu, sindano yake haina haraka. Mkubali. Kwanza msomeeni Athumani khitma, halafu harusi iwe, na mimi nikijaliwa nitakuja kukaanga vitumbua vya wageni. Wala usinionee haya. Mimi ni mama yako, na bibi wa Mwanaisha, hilo halina kadhi.

Lipo jambo moja zaidi. Rajabu aliporudi Dar es Salaam, nilikwenda kwa Gulamali kama siku zote. Sasa namjua ni nani, nimemlisha kwa mkono wangu. Lakini sikio halijui, Saumu. Sikio bado linamngoja Athumani. Akasoma ya serikali, akasoma bei ya pamba, akasoma mvua. Akasema, "Alamsiki." Tukangoja ile ya pili. Haikuja. Gulamali akaligonga sanduku: "Limekufa nini?" Halikufa, tulikuwa tunaisikia pumzi yake. Ndipo nilipoelewa kwamba ameniachia nafasi. Nikaitikia kwa sauti, baraza zima likasikia, na hapana aliyecheka.

Toka siku hiyo ni hivyo hivyo. Mpeleke Mwanaisha pale sokoni jioni moja. Akiisikia alamsiki na kimya kikaja, aitikie, asiogope. Mwambie mle kimyani yumo baba yake, anataka kulala.

Mjomba wako msalimie, na mwambie hakukosea kukuhimiza. Wifi yangu Bi Kidawa, aliyempokea Athumani kwa mikono yake siku aliyozaliwa, umwambie wewe mwenyewe, akiwa amekaa, na maji yawe karibu. Baba yako mdogo mwadhini mwombe asimamie hiyo khitma. Sakina anakusalimu ijapokuwa hakujui.

Karatasi imefika pembeni, na namsikia Gulamali anafungua dirisha la duka. Wacha niende, nisije nikachelewa kuitikia.

Ni mimi mama yako,
Mwanahamisi

Alamsiki, mwanangu.