Kinu cha Mama na Matope ya Acqui

Acqui, Italia
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mdogo wangu Zuhura,

Marahaba. Najua neno la kwanza litakalokutoka ukiuona mwandiko wangu ni shikamoo, basi nimeshaitika. Hujambo wewe? Mgongo unaendeleaje, na bado unakalia kile kigoda chenye mguu mmoja mfupi pale kizimbani kwako Kariakoo? Udi unatoka? Salma anakula vizuri, au ndiyo kaanza yale mambo ya maharusi ya kujikondesha? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila nimenuna, na niliyemnunia ni wewe. Ndiyo maana naandika kwa mkono. Nikipiga simu nitafoka, utalia, nitakubembeleza, na nililotaka kusema litapotelea hapo hapo. Kurasa hizi nitazipiga picha nikutumie. Usimpe Salma azisome.

Ile sauti uliyonitumia wiki mbili zilizopita niliisikiliza ndani ya gari, tunakuja huku. Ulisema kwa raha zako, nasikia na kelele za wapiga debe nyuma yako: "Dada, wewe usijali kabisa. Singo ya Salma nishatwanga mimi." Ukaendelea na habari za maturubai na wapishi, mimi sikusikia tena. Nilirudia hapo tu. Nishatwanga mimi. Signora Bruna, yule bibi ninayemtunza, akaniuliza kuna msiba? Nikamwambia hapana, kuna harusi.

Zuhura, wewe unajua kwetu singo haitwangwi na mtu mwingine. Somo atamsugua na kumfunda biharusi, mashangazi wataimba, lakini liwa na mchele na maua ya waridi hutwangwa na mama mzazi, kwa mkono wake, kwenye kinu kile kile. Mafuriko yalipotutoa Jangwani, mama aliacha kabati na kitanda, akavuka maji na kinu kichwani mpaka Magomeni. Mimi alinitwangia. Wewe alikutwangia. Halafu zamu yangu inafika, nasikia kwenye simu kwamba imeshapita.

Nina wivu. Nalisema wazi kwa sababu nimechoka kulimeza. Nina wivu tangu siku ile nilipokuja likizo nikasimama jikoni kwangu mwenyewe, nikamwuliza mwanangu sukari inawekwa wapi. Nina wivu tangu mwezi uliopita Salma aliposema, "Mama amenichagulia kitambaa cha kijani," nikamwuliza mama gani, akasema mama Zuhura. Nilimwacha ana miaka kumi na moja, sasa ana ishirini, na najua nani alimkesha alipougua surua. Najua yote hayo. Wivu hauniulizi ninajua nini.

Sasa sikiliza niko wapi. Huu ni mji wa zamani, mdogo, umezungukwa na vilima vyenye mizabibu mistari kwa mistari, na sasa ni mavuno, matrekta yanapita yamejaa zabibu na barabara nzima inanuka utamu. Hapa hotelini wananiwekea glasi ya mvinyo kila mlo, nami kila mlo naifunika, mpaka mhudumu amekata tamaa ananiletea juisi. Katikati ya mji kuna kijumba cha mawe, na chini yake maji yanatoka ardhini yakifuka moshi, hakuna kuni wala gesi. Wanasema Warumi wa kale walikuwa wakiyaoga. Watu wenye magoti mabovu, kama Signora, wanakuja kila mwaka kupakwa matope ya moto, kufungwa shuka, kisha kuogeshwa.

Siku ya kwanza nilipoona wanawake wamelala wamepakwa mwili mzima, na mtu anawasugua taratibu, roho ikaniuma. Hawa wanalipia kusuguliwa, na mwanangu atasuguliwa mimi sipo. Jioni akina mama na mabinti zao wanatembea pale uwanjani wameshikana mikono, ngozi zinang'aa, wanakula aiskrimu. Nilikuwa nawatazama kwa jicho baya, mwenzio, mpaka nikajionea aibu.

Ndipo nikapata wazo la kijinga. Matope yale yanauzwa kwenye makopo. Nikanunua kopo, nikasema nitamtumia Salma, apakwe haya ya Ulaya, wageni waulize umetakata hivi kwa nini, aseme ni mama yangu kaniletea. Nilitaka kukupiku, Zuhura, sikufichi. Usiku ule ule nikajijaribia mkononi. Lo! Yananuka yai viza. Nimeosha kwa sabuni mara tatu na bado mto wangu ulinuka mpaka asubuhi. Nikamfikiria biharusi wangu ukumbini, bwana harusi anaziba pua, na wewe unatabasamu kwa ustaarabu wako. Kopo nimeliacha chooni.

Siku ya nne akaja Paola, binti yake Signora, anayeishi mji mwingine mbali. Alisema safari hii anataka kumwogesha mama yake mwenyewe, mimi nipumzike. Nikasema sawa, ila nikabaki mlangoni. Sasa mimi kila ninapomnyanyua Signora huhesabu kwa Kiswahili, moja, mbili, tatu, kwa kuwa ndivyo ninavyopata nguvu. Mwaka wa sita huu, na yeye kaishika. Paola alipomshika kwapa, yule bibi akaanza mwenyewe, "Moja, mbili," kisha akangoja. Paola hakujua anachongojewa. Akamvuta, bibi akapiga yowe, akaita, "Mwajuma! Mwajuma uko wapi?"

Niliingia nikamnyanyua. Paola akatoka. Nilimkuta baadaye kwenye benchi karibu na ile chemchemi, macho mekundu, kashika taulo la mama yake kama mtu aliyeambiwa amshikie mwenzake. Hakunitazama. Aliniambia, "Mama yangu anazungumza lugha nisiyoijua, na mtu anayemwita ni wewe."

Zuhura, nilikuwa na la kumjibu. Kwamba wewe ulikuwa wapi miaka sita? Kwamba mimi ndiye ninayejua anapenda chai ya namna gani, na kwamba goti la kushoto ndilo la kuanza nalo? Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Nikamtazama uso, nikaona wangu. Ule mdomo uliobanwa ni wangu mimi nikiisikiliza sauti yako ndani ya gari. Na hapo nikajua kwamba kwenye nyumba ya watu hawa, Zuhura ni mimi. Sikumwibia mtu mama yake. Nilimwosha tu kila siku, basi ikawa hivyo.

Kesho yake aliniomba, "Mimi ni mtoto wake. Nifundishe." Nikakubali, lakini nikuambie ukweli wote, nilimfundisha nusu. Nilimwonyesha kushika kwapa, nikamwonyesha joto la maji, la goti la kushoto nikaliacha. Niliona uchungu kumpa. Bibi akalia kwa maumivu, nikasema mimi Mwajuma nimekuwa mtu wa namna gani? Nikapiga magoti pale kwenye vigae, nikauchukua mkono wa Paola, nikauweka chini ya goti la kushoto. Nikamfundisha moja, mbili, tatu. Alikuwa anasema "mbili" kama anapiga chafya. Kufikia jana alimnyanyua mama yake peke yake, wanahesabu wote wawili, na mimi nikasimama pembeni na mikono mitupu. Wivu ukanishika tena, safari hii juu ya bibi wa watu. Bora ucheke.

Leo mezani Paola akaweka uma chini akaniuliza kwa nini siendi kwenye harusi ya mwanangu. Nikamwambia kile nilichokuambia wewe siku zote, kwamba hakuna wa kubaki na Signora. Akasema, "Nipo mimi. Sasa najua. Nenda kamwoze binti yako." Signora akanitazama sana, kisha akauliza kama nitarudi. Nikamwambia wiki tatu tu. Akasema haya, twende, ndicho Kiswahili chake kingine, akainamia supu yake.

Kwa hiyo nakuja. Nitafika Jumatano, siku moja kabla ya Salma kuanza kusuguliwa. Usimwambie mtu. Na usiandae pilau la mapokezi, nipikie mchicha na dagaa, nitashukuru zaidi.

Msalimie mzee Idi, baba mkubwa wa Salma, umwambie namshukuru kwa kusimama kama walii tangu ndugu yake atangulie mbele ya haki. Msalimie shemeji, mumeo, kwa uvumilivu wa kulea mtoto asiye wake bila kunung'unika. Msalimie Bi Hadija jirani yetu wa nyumba ya pili, ambaye najua ndiye somo, mwambie mikono yake isiwe mizito kwa mwanangu. Watoto wako wabusu. Salma usimsalimie, nitamsalimia mwenyewe.

Nimebakiza moja tu, na hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nilianza barua hii nikitaka kukuambia singo hiyo uimwage, nije nitwange yangu upya. Sisemi tena hivyo. Wewe umemlea, mkono wako una haki kwenye ngozi yake. Iache ilivyo, uifunike vizuri. Ila kinu usikioshe, mdogo wangu. Niwekee na kiganja kimoja cha mchele na waridi kidogo. Nikifika, kabla sijavua hata viatu, nitwange hicho kimoja, nikichanganye na cha kwako, na mtu asijue kipi ni cha nani.

Dada yako anayekuonea wivu na kukupenda,
Mwajuma