Nimefungua Boksi la Zimwi la Binti Yangu

Mshauri, pokea salamu. Mimi hupaka rangi madaraja ya chuma hapa Kawasaki, shule niliacha mapema, kwa hiyo univumilie.

Nina binti mmoja, Mizuho, anaishi kwetu Akita na mama yangu tangu mke wangu afariki, na tangu utotoni anapenda sanamu za mazimwi, zile zenye magamba na mkia, na kila niliporudi Mwaka Mpya aliniwekea moja mezani kabla sijavua hata koti, akasema, "Fundi, kagua!" nami nakagua kweli, umbo, rangi, viungo, natoa alama, halafu nasema magoti yake mabovu kama yangu, anacheka mpaka bibi yake anatufokea kwamba supu inapoa. Agosti iliyopita alitimiza miaka ishirini, nikaahidi kuwapo kwenye sherehe yake ya kuingia utu uzima, lakini wenzangu wawili wakaugua nikabaki kazini, na nilipompigia simu alisema tu, "Sawa, baba. Daraja haliwezi kungoja." Tangu hapo nikipiga ananijibu neno mojamoja.

Sasa Obon hii, sikukuu ya kuwakumbuka marehemu, nataka kwenda, nikamnunulia zimwi alilolitamani siku nyingi, yametengenezwa machache tu, na hapo ndipo nilipokosea, maana mkono wangu hauwezi kuona rangi mbaya ukaiacha, na kupitia kidirisha cha boksi niliona mboni ya jicho la kushoto imekimbilia pembeni kama mtu asiyetaka kukutazama usoni, basi nikakata utepe nikalitoa. Umbo halina kasoro, mshauri, kila gamba la mgongoni lina mikwaruzo yake, na mshono wa kalibu umefichwa chini ya mkia, ila goti la kulia lilikuwa gumu, ukilisimamisha linaanguka kifudifudi, nikalichovya kwenye maji ya moto nikalilegeza polepole, nikaipaka mboni upya kwa brashi ya nywele tatu, sasa linasimama na linakutazama. Nilikuwa na furaha hadi Iwabuchi, ninayelala naye chumba kimoja, alipoingia.

"Mzee Kudo! Umelifungua? Na umelipaka? Wakusanyaji wa sanamu wakikukamata watakuzika ndani ya hilo boksi!"

Anasema likishafunguliwa limekufa, halina thamani tena, nibandike utepe mpya ninyamaze. Nifanye hivyo, nitafute jingine, au nisiende kabisa?

Kudo Shigezo

JIBU

Bwana Kudo, Iwabuchi amesema kweli kuhusu wakusanyaji. Mkusanyaji asiyekujua angelilia boksi hilo. Mizuho anakujua. Na wewe, mtu mzima, ulipaswa kumuuliza kabla ya kushika mkasi; kitu cha kumpa mwenzako hakikaguliwi kwa siri.

Utepe mpya usibandike. Ulishavunja ahadi, usiongeze na uongo. Jingine usitafute pia. Hilo lingine hutakuwa umelikalia usiku kucha na brashi ya nywele tatu. Na hilo la kutokwenda sitaki kulisikia tena. Barua yako nzima umeandika juu ya jicho na goti, na sherehe ya mwanao umeipa sentensi moja. Ndiyo inayomuuma.

Kesho asubuhi, kabla hujapanda darajani, mpe msimamizi tarehe zako za likizo. Usimwombe, mjulishe. Kata tiketi siku hiyohiyo. Usimpigie Mizuho kumwahidi kwamba unakuja, ahadi zako amezisikia. Mwambie mama yako, basi, ili supu iwepo.

Ukifika, mfukizie marehemu mkeo ubani. Kisha mwombe binti yako radhi kwa kukosa siku yake, bila kutaja wagonjwa wala daraja. Hayo yakishasemwa, liweke zimwi mezani pamoja na boksi lake lililofunguliwa, useme wewe safari hii: "Fundi, kagua."

Halafu nyamaza. Akiipunguzia alama rangi yako, zipokee. Akisema magoti ni mabovu, kunja suruali umwonyeshe yako.