Daktari Niliyemtangaza Kabla ya Wakati

Kagugu, Kigali

Mwanangu Mwajabu,

Kosa la wengi waliomaliza shahada kwa alama duni, na bado wanautaka udaktari, ni kutafuta mtu kabla ya kutafuta alama. Nimelitanguliza hili hata kabla ya kukujulia hali, kwa sababu mimi mjomba wako, mwalimu mstaafu wa biolojia, nimelitenda hadharani, na jina lililotajwa ni lako.

Sasa, hujambo mwanangu? Mguu wa mama yako unaendeleaje? Mvua imeshafika huko Kigoma? Sisi ni wazima, ila baridi ya asubuhi ndiyo inayotubana mifupa.

Uliponieleza kwamba chuo cha hapa kimekukataa kwa mara ya pili, ukaniomba nikutafutie mtu, nilikujibu, "Niachie mimi." Basi Jumamosi kulikuwa na gusaba kule Remera, yaani sherehe ya kumposa binti wa jirani yangu, fundi cherehani. Huku upande wa binti huweka mzee wa kusema, ajibizane na wageni kwa majigambo na utani. Kazi hiyo nilipewa mimi, kwa kuwa familia zote mbili zinasikia Kiswahili. Nilikuwa nimedokezwa kwamba kati ya wageni wa bwana harusi yumo mama mmoja daktari, anayewasaili waombaji wa chuo kile kile. Nikajiona mjanja. Katikati ya majigambo nikasema, "Msidhani mmekuja kwa watu wa hivi hivi! Hata mpwa wangu Mwajabu, kule Kigoma, ni daktari!"

Makofi yakapigwa. Msemaji wao akadakia, "Muzee, basi aje atupime presha, maana ng'ombe wa mahari muliotutajia wameipandisha!"

Watu wakacheka. Yule mama akauliza kwa upole kabisa, "Iko nasoma mwaka ya ngapi, muzee?"

Nikasema, "Bado... anaomba." Kicheko cha safari hii kilikuwa kingine. Jirani yangu alitazama viatu vyake. Siku ya heshima ya binti yake niliigeuza soko la kukunadi wewe.

Baada ya chakula nilimwendea yule mama kumwomba radhi. Akanivutia kiti. "Kaa, muzee. Alama zake ni za namna gani?" Nikamweleza ukweli: miaka miwili ya kwanza mibaya, kemia na fiziolojia umepita kwa shida, mwaka wa mwisho umeinuka kidogo. Nikaongeza kwamba una vyeti vingi vya semina. Akatikisa kichwa. "Cheti ya semina ni kitambaa juu ya shimo. Sisi tunafunua."

Nivumilie nikueleze nilivyomwelewa, maana ualimu haujanitoka. Wastani wa shahada iliyokwisha huwezi kuurudia nyuma kuubadili. Kinachobadilika ni ushahidi wa karibuni. Jopo la usaili linataka kujua kama aliyeanguka jana angeanguka na leo. Kwa hiyo rudia masomo yale yale yaliyokuangusha, katika chuo kinachotambulika, uyafaulu vizuri. Usikimbilie shahada nyingine iliyo rahisi. Huku ukisoma, jitolee kwenye zahanati moja, ukae hapo muda wa kutosha hadi muuguzi mkuu aweze kueleza kazi yako bila kubahatisha. Na ukiulizwa kuhusu miaka ile, sema kwa kifupi kwamba ulikuwa unakariri bila kuelewa, ukaona haya kuomba msaada. Usimsingizie mama yako ugonjwa, kama ulivyotaka kufanya. Mguu wake umemuuma mwaka huu, si miaka ile. Tena mwaka huu usiombe kabisa. Kurudi na alama zile zile ni kuwaonyesha kwamba hukusikia jibu.

Nilipoinuka nilimwuliza, kwa aibu iliyobaki, kama naweza kumwachia jina lako. Akacheka. "Oya, hapana muzee, jina tumeshasikia wote. Mwambie akuje na alama mpya. Asikuje na mjomba."

Tangu siku hiyo kila nikipita mbele ya cherehani ya jirani, wateja wake huniita, "Mjomba wa daktari, presha vipi?" Nacheka nao, kisha naingia ndani na kufunga mlango. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, nikiwaambia kwamba hakuna anayefaulu kwa ajili ya mjomba wake. Aibu hii ni yangu, wewe usiibebe. Ila nafasi ya udaktari ni yako, na sasa najua mimi siwezi kukuombea.

Nisalimie mama yako, nisalimie kaka yako fundi baiskeli, na bibi yako umwambie dawa ya macho nimeipata, nitamtumia.

Nawe leo hii, ukimaliza kusoma hapa, mpigie simu mwalimu wako wa kemia, umwombe akupokee tena darasani.

Mjomba wako,
Rajabu